Wifi, Siku Hizi Sikuoni

Kutoka nyumbani kwa Sista mpaka zahanati anakofanya kazi kuna njia mbili. Ya kwanza ni fupi na imenyooka: unatoka getini, unapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, unapita mbele ya chumba cha kushonea cha wifi yake, ukivuka barabara umefika. Ya pili inazunguka nyuma ya gereji, inaruka mtaro wa maji machafu, inampitia mbwa mmoja mkorofi, halafu inakutupa kwenye ukuta wa nyuma wa zahanati, pale wanapochomea taka. Mtu mwenye akili zake hawezi kuichagua hiyo ya pili. Lakini Sista, tangu mwili wake uanze kumrudia, hakuwa na njia nyingine. Asubuhi kwa mbwa, jioni kwa mbwa.

Alikuwa analikimbia jicho la wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mume wake, ni fundi cherehani, na jina la mtaani wamempa Kamera. Futi yake ya kupimia huning'inia shingoni kama pambo tu, haina kazi. Ukiingia mlangoni kwake, hodi yenyewe hujaimaliza, ameshakumaliza yeye: kifua hiki, kiuno hiki, nyonga hizi, na bega la kulia limeshuka kidogo, mama, mbona hukuniambia? Anakata kitambaa papo hapo na nguo inakaa. Tena mdomo hana breki. Bibi harusi mmoja alishawahi kuambiwa mbele ya mashangazi zake wote, "Mwanangu, tangu wiki iliyopita umeongeza kidole kimoja hapa, unakula kwa hofu au kwa furaha?" Watu walicheka mpaka wakashika kuta.

Sasa huyo ndiye Sista alitakiwa kumpita kila siku ya Mungu, akiwa amebeba mwili aliokuwa ameapa mbele yake kwamba hautaonekana tena.

Maana kiapo kilikuwepo, na mashahidi walikuwepo. Mwaka uliopita Sista alipungua. Alipungua hasa, si mchezo. Aliacha chakula cha usiku, akaacha sukari, akaacha mkate, mwisho akaacha hata kukaa mezani na wenzake, kwa sababu harufu ya wali peke yake ilikuwa inamtoa machozi. Mwili ukaisha. Akabeba magauni yake meupe ya kazi akayapeleka kwa wifi yapunguzwe, na siku hiyo chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa wateja.

Wifi aliyageuza magauni ndani nje, akauliza kama fundi yeyote anavyouliza, "Nikunje tu kwa ndani, wifi yangu? Nikiacha nguo ndani, siku ukitaka..."

"Siku nikitaka nini?"

"Sina ubaya. Mwili ni mwili."

"Kata."

"Nikate?"

"Kata kabisa! Na nikisikia kuna nguo imebaki humo ndani nitajua umeniombea mabaya. Mimi huko sirudi."

Wateja wakaguna kwa kupendezwa. Wifi akacheka, akachukua mkasi. Vile vipande vyeupe vikaanguka sakafuni, na Sista akavikanyaga akielekea kwenye kioo. Alijigeuza huku, akajigeuza huku. Hata viatu vyake siku ile alivipenda.

Na mwili ulivyorudi haukurudi kwa kishindo. Ulirudi kama mwenye nyumba, bila hodi. Ilikuwa hivi: jioni moja binti yake, aliye sekondari, alimkuta amesimama uani peke yake wakati wenzake wako mezani. Akamuuliza, "Mama, kwani sisi tunanuka?" Sista akaona haya. Akaingia, akaketi. Kesho yake akaketi tena. Akaanza kusikia habari za shule za binti, akaanza kucheka na mume wake vituko vya abiria, maana mume ni dereva wa basi la masafa marefu na haishiwi vituko. Na ukiketi mezani, mkono hauketi bure. Hakula karamu, jamani. Alikula chakula. Lakini pete ikagoma kutoka kidoleni, halafu mkanda wa saa ukahamia tundu la mwisho, halafu siku moja akainama kufunga kiatu akasikia gauni linalalamika.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Akawa anaamka anajishika. Kabla ya kufungua macho, vidole viwili vinazunguka kifundo cha mkono kuona kama vinakutana. Vikikutana, siku ni njema. Visipokutana, siku imeharibika na jua halijatoka. Kwenye zahanati kuna mizani ya watu wazima, na zamani, wakati ule wa ushindi, alikuwa akiipanda kila jioni wenzake wakishaondoka. Sasa akipita karibu nayo anageuza uso kama mtu anayemdai amekaa pale.

Na majirani nao! Alipokuwa amekonda walimtazama kwa huruma, wengine wakawa wanamletea habari za waganga. Sasa wanamshika mikono njiani. "Afadhali, Sista! Umerudi! Tulikuwa tunaogopa, mwenzetu!" Wanasema kwa furaha ya kweli, naye anatabasamu, lakini neno lile *umerudi* linamwingia kama mwiba wa samaki. Umerudi. Kila mtu ameona basi.

Kitu kilichomtesa zaidi ni kazi yenyewe. Sista ndiye anayepima watoto uzito. Akina mama humwita Sista wa Mizani, na jina hilo analipenda kuliko la kubatizwa. Mizani yenyewe ni ile ya kuning'iniza, yenye uso wa duara na mshale, imefungwa kwenye boriti. Mtoto anavalishwa kaptura ya turubai yenye mikanda miwili, anainuliwa juu, mkanda huu kwenye ndoano, mkanda huu kwenye ndoano, mikono ya Sista iko juu ya kichwa chake wakati wote. Mshale ukitulia, anausoma kwa sauti ya kutangaza, mwenzake anaandika kwenye kadi. Kama mtoto amepanda, Sista anapaza sauti zaidi: "Ameongezeka! Hongera, mama!" Na benchi zima linapiga makofi.

Miaka yote alikuwa anasema hivyo bila kufikiri. Sasa kila akitamka *ameongezeka* anasikia kama kuna mtu nyuma yake anacheka.

Gauni lilikuwa limebana kila mahali, lakini kwapani ndiko kulikokuwa na vita, kwa sababu ya kuinua mikono. Mishono ilipoanza kuachia, akaanza kuishikiza kwa pini kwa ndani. Juu ya pini akavaa sweta. Joto likawa linawatoa watu jasho mpaka kwenye kope, Sista yuko na sweta. "Nina kifua," akawaambia wenzake, akakohoa kidogo kuipa nguvu. Angeweza kulipeleka kwa fundi mwingine, ni kweli, lakini mtaa ule hauna siri. Jua lisingezama kabla wifi hajaambiwa kwamba mke wa kaka yake anapeleka nguo kwa watu baki. Hilo lingekuwa tusi, na tusi lingeleta swali, na swali lingeleta jicho.

Kisha ikaja siku mtaro ulipofurika. Mvua ilinyesha usiku, njia ya mbwa ikawa mto. Sista alisimama mbele ya maji yale, akatazama saa, akarudi. Ikambidi apite mbele.

Alitembea ukingoni kabisa mwa barabara, mkoba ameushika tumboni, macho chini, mbio mbio. Wifi alikuwa ameketi mlangoni, sketi ya mtu mapajani, uso ameuinua. Alikuwa anamtazama Sista moja kwa moja.

"Nani huyo anapita bila salamu?" wifi akaita.

Moyo ukampiga Sista kama mlango unaogongwa na polisi. "Ni mimi, wifi."

"Eh! Ni wewe? Wifi, siku hizi sikuoni kabisa!"

Ndani ya chumba kulikuwa na wateja wawili watatu, na mmoja akacheka. Huenda alicheka jambo lake. Lakini Sista alikuwa ameshaelewa anavyotaka kuelewa. *Nani huyo.* Yaani amenenepa mpaka hatambuliki, ameulizwa jina kama mgeni. *Sikuoni.* Mtu mzima, mnene, mbele ya macho yake, halafu sikuoni! Ile ndiyo kejeli ya mafundi, inashonwa kwa ndani, uzi hauonekani.

"Kazi nyingi, wifi," alijibu, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Siku hiyo hiyo akaacha kula. Si kupunguza, kuacha. Mezani alikuwa anajihudumia kama kawaida ili binti asiulize, halafu anazungusha kijiko, anainuka kuchukua maji, anainuka kuchukua chumvi, mwisho sahani yake inamfuata paka. Asubuhi chai kavu. Mchana anajifungia stoo ya dawa eti anahesabu maboksi. Usiku analala akiwa amejikunja, anajipigia mahesabu ya gauni: kesho litalegea, keshokutwa litalegea. Halikulegea. Kilicholegea ni magoti.

Mume alimtazama jioni moja. "Mbona umenyamaza hivyo, mama? Kuna mtu kakuudhi?"

"Hamna."

"Dada anakuulizia. Anasema humpitii."

"Kasema nini tena?"

"Kasema hivyo tu." Mume akashangaa ukali wa sauti. "Kwani kulikuwa na kingine cha kusema?"

Sasa, siku ya kliniki kubwa, benchi lilijaa mpaka akina mama wengine wakaketi sakafuni. Joto, vilio, harufu ya maziwa. Sista aliwapima wa kwanza, wa pili, wakaendelea, na kila akiinua mikono anaona vijidudu vyeusi vinaogelea pembeni ya macho. Akajikaza. Akaitwa mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, na mtoto wake wa kiume, bonge la mtoto, mashavu yamemwagika, anacheka na kila mtu. Sista akamvalisha kaptura, akamwinua. Mkanda wa kwanza ukaingia kwenye ndoano. Akanyoosha mkono kwa ajili ya wa pili.

Gauni likapasuka. Alisikia *chrrr*, kutoka kwapani kushuka ubavuni, na pini moja ikamchoma. Akashtuka. Wakati ule ule vijidudu vyeusi vikaungana vikawa kitu kimoja, vidole vikakosa nguvu, na mkanda ukamponyoka.

Mtoto akaning'inia upande. Kichwa kikashuka.

Yule mama wa mtandio hakupiga kelele hata. Aliruka kutoka alipokuwa, akampokea mwanawe kwa mikono yote miwili, akamkumbatia na kaptura yake na mkanda wake bado uko kwenye ndoano, mizani nzima ikawa inayumba juu yao. Mtoto akaona ni mchezo, akacheka. Mama ndiye aliyelia. Alilia huku anamtazama Sista, hakumtukana, alimtazama tu, na Sista angeona afadhali atukanwe.

Matroni, mkuu wao, mwanamke mpana wa sauti ya chini, alimshika mkono akampeleka chumba cha chai, akamkalisha, akafunga mlango.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na... chai."

"Una mimba?"

"Hapana, matroni."

"Una sukari? Presha?"

"Hapana."

"Basi vua hilo sweta, maana lililobaki ni wazimu, na wazimu nitauona."

Sista akavua. Matroni akatazama ubavu uliopasuka na zile pini zilizojipanga, moja baada ya nyingine, kama za nepi. Hakucheka. Alimimina chai, akatia sukari bila kuuliza kiasi, akaweka na mkate mbele yake, akakaa kwenye kiti cha pili.

"Kula nikikuona."

Sista akala. Mkate ulikuwa mtamu kiasi kwamba aliona aibu. Alikula machozi yanaingia kwenye chai, akajifuta, akala tena.

"Yule mtoto," matroni alisema baadaye, "tumempima, mzima. Mama yake nimeongea naye. Lakini nisikilize. Mwili wako ni wako, sina neno nao. Mizani ni ya zahanati. Kesho ukija na gauni linalokutosha na kitu tumboni, utakwenda kwenye mizani yako. Ukija hivi, nakupeleka dirisha la kadi, na utakaa huko. Sitakuonea haya mpaka mtoto wa mtu aanguke."

Sista wa Mizani kwenye dirisha la kadi! Alitoka pale na sweta yake, tumbo limejaa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na hofu mbili zimemshika huku na huku. Moja ilisema nenda kwa wifi. Nyingine ilisema ukienda kwa wifi utakuwa umekwisha. Alisimama kando ya barabara, magari yakapita, watu wakampita. Akilini aliuona tena mtandio wa kijani. Akavuka.

Wifi alikuwa peke yake, amekaa kwenye cherehani lakini hashoni. Alikuwa ameinamia kola ya shati, karibu pua iguse kitambaa.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Wifi, tafadhali. Leo usinianze."

"Aa! Ni wewe!" Wifi akaacha kola haraka, akaisukuma chini ya meza kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. "Leo jua limechomoza wapi? Karibu, karibu, kaa."

Sista hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, pale wanaposimama wateja, akavua sweta, akaitupa kwenye kiti. Akaachia mikono.

"Haya," alisema. "Sema."

"Niseme nini?"

"Unachokiona. Sema chote, tumalize. Nimechoka."

Wifi akamtazama. Akakaa kimya. Huyu mwanamke asiyekosa neno, leo amekosa! Ni mbaya kiasi hicho?

"Wifi," wifi akasema mwisho, kwa uangalifu, kama anayekanyaga sakafu yenye maji, "umesuka? Nywele zimekupendeza."

"Unanidhihaki!"

"Jamani..."

"Gauni limechanika mpaka ubavuni, nimejaa pini kama ubao wa matangazo, halafu unaniambia nywele? Ulisema nani huyo, mbele ya watu. Ukasema hunioni. Sasa niko hapa, tena sote tuko hapa, mimi na huu mwili. Sema basi!"

Wifi akanyanyuka. Akanyoosha mkono, akaukuta ubavu wa Sista, vidole vikapita juu ya pini, vikafika penye mchaniko, vikausoma mpaka chini.

"Limepasuka," alisema polepole, kama anayepewa habari.

Ndipo Sista akamtazama usoni. Miezi yote hiyo alikuwa anakwepa kutazamwa, na anayekwepa kutazamwa hatazami. Jicho la kushoto la wifi lilikuwa na wingu jeupe katikati, kama kioo cha gari asubuhi ya baridi. La kulia lilikuwa linafuata nyuma.

"Wifi, niangalie."

"Nakuangalia."

"Mimi niko huku."

Wifi akahamisha uso kidogo. Midomo ikaanza kumcheza.

"Tangu lini?" Sista akauliza.

"Acha tu. La kushoto lilianza zamani, nikasema nina lingine. Sasa hili lingine nalo..." Akaketi. "Naona watu kama nguo zilizoanikwa. Nawajua kwa sauti, kwa mwendo. Wewe ukinyamaza nakuwa sikujui kabisa. Nilipokuambia siku hizi sikuoni, mdomo ulinitoka tu, halafu nikaingiwa na baridi. Nikasema, mama wee, nimejisema mwenyewe."

"Kwa nini hukuja kwangu? Si niko zahanati?"

"Ndiyo maana sikuja! Wewe ni mtu wa tiba. Nikasema huyu ameshaona. Ndiyo maana amehama njia, ananionea huruma, au anatafuta siku ya kumwambia kaka. Na kaka yangu namjua, siku hiyo hiyo angechukua cherehani akaniweka kwenye kiti nimenye vitunguu. Nikikaa bila cherehani mimi nitakuwa nani, wifi?"

"Mimi nilikuwa nakukwepa kwa ajili ya kiuno."

"Kiuno gani?"

"Changu!"

Wifi akaegemea cherehani. "Kwa hiyo," alisema, "asubuhi zote zile unapita kwa mbwa..."

"Nani kakuambia napita kwa mbwa?"

"Si namsikia! Kila asubuhi akianza kubweka nasema huyo ni wifi yangu, anawahi kazini."

Alianza Sista kucheka, na kicheko kikamvuta mwenzake, wakacheka mpaka wifi akashika meza, na mwishoni ilikuwa vigumu kujua nani bado anacheka na nani ameshavuka upande wa pili. Sista alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akamfungua kope kwa kidole gumba.

"Mtoto wa jicho huyo," alisema. "Wote wawili."

"Basi umepata kazi. Si kliniki yako ni ya watoto?"

"Wanatolewa, wifi. Si mwisho wa dunia. Wiki ijayo nina mapumziko, tunakwenda hospitali kubwa, mimi na wewe."

"Na kaka?"

"Ataambiwa tukisharudi. Utamwambia mwenyewe."

Wifi akakubali kwa kichwa, shingo upande. Kisha akaivua futi shingoni. Sista hakuwahi kumwona akiivua kwa kazi. Ilikuwa imekunjamana kwa kukaa pale miaka.

"Simama vizuri. Nitakuzungushia mimi, mikono bado inajua njia. Kusoma utasoma wewe."

"Kisia tu, wifi. Weka kubwa."

"Sikisii tena. Nimewaharibia watu watatu kwa kukisia, shati la mmoja wao liko hapo chini ya meza. Soma."

Futi ilikuwa ya baridi kiunoni. Wifi aliikutanisha mbele, akabana kwa kidole, akangoja. Sista akatazama ukutani, akatazama dari. Namba ilikuwa pale chini, nyeusi, inamngoja, na alijua akishaitamka itakuwa imetamkwa, haitarudi mdomoni. Alifikiria kudanganya. Nani angejua? Angepunguza tatu tu, nne. Na kesho angeinua mikono.

Akainamisha kichwa.

"Arobaini na mbili," alisema.

"Sikusikii. Macho yameniacha, usitake na masikio."

"Arobaini na mbili!" Ilitoka kwa ile sauti yake ya kutangaza, ya benchi zima, na ilipotoka akasimama anangoja, hata hakujua anangoja nini.

"Arobaini na mbili," wifi akarudia, kama mtu anayerudia bei ya vitunguu. "Haya. Inua mikono, kifua."

Wakapima vyote. Kila namba ilimwuma, lakini kila moja ilimwuma kidogo kuliko ya kabla yake. Walipomaliza, Sista aliuliza vile vipande vya mwaka jana viko wapi, pengine bado vipo.

"Vile? Nilipangusia mafuta ya cherehani, vikaisha. Si ulisema kata? Kitambaa cheupe ninacho, ila si weupe ule. Hiki kinaelekea kwenye maziwa. Nitatia ubavu mzima huku na huku, na kitaonekana, wifi. Nakuambia mapema. Ukiinua mikono kila mtu atajua gauni limeongezwa."

Sista alivishika vitambaa vyote viwili, akavipeleka mwangani, akaviweka pamoja, akavitenganisha. Alitamani vifanane. Havikufanana.

"Tia," alisema.

Alijifunga shuka, akavuta kigoda kando ya cherehani, akawa macho ya wifi. "Kulia kidogo. Simama. Haya, nyoosha. Unatoka, unatoka, rudi!" Wifi alikanyaga pedali, akalalamika kwamba hajawahi kuamrishwa kwenye cherehani yake, akatii. Binti alitumwa kumtafuta mama yake, akawakuta wanagombana juu ya pindo, akaambiwa alete chakula huku huku, watu wana kazi. Alileta. Sista alikula akiwa ameketi sakafuni, na tonge la mwisho alilitazama muda mrefu kabla ya kulitia mdomoni. Hofu ilikuwepo. Ilikaa naye pale kwenye shuka kama mtu wa tatu. Lakini alilitia.

Asubuhi alipita njia ya mbele. Zahanati ilikuwa imeshaanza kujaa. Matroni alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akatazama ule ukanda wa rangi ya maziwa ubavuni, akauliza, "Umekula?" Akajibiwa, "Mkate na yai." Basi akaonyesha mizani kwa kidevu, akaendelea na mambo yake.

Mama wa kwanza alikuwa mgeni, mtoto wa kike amelala fofofo. Kabla hajamkabidhi alimkumbatia kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, bila shaka habari za jana zilikuwa zimefika. Sista hakumharakisha. Alingoja mpaka mikono ya yule mama ilipolegea yenyewe, akampokea mtoto, akamvalisha kaptura, akainua mikono.

Nyuma yake, kwenye benchi, mtu alinong'ona na mwingine akajibu. Labda ni gauni. Labda ni jana. Labda ni bei ya mkaa. Uso ulimwaka, jasho likamtoka mgongoni, na kwa pumzi moja alitamani sweta yake kuliko kitu chochote. Mikono ilibaki juu. Akatia mkanda wa kwanza kwenye ndoano, akauvuta kuhakikisha. Akatia wa pili, akauvuta, akarudia kuuvuta. Ndipo akaachia polepole, viganja akaviacha wazi chini ya mtoto, akasubiri mshale utulie.